Mtungi Umeingia Jikoni, Maelekezo Yamebaki Dukani

Ajali ya moto ikitokea jikoni, majirani wakishamaliza kumwaga ndoo zao za maji na kumpakia majeruhi kwenye bajaji, swali la kwanza huwa ni lile lile: kwani alikuwa anafanya nini? Kesho yake habari itasema chanzo kinadhaniwa kuwa uzembe. Msibani watasema marehemu alikuwa na mawazo mengi, au dada wa kazi alikuwa kwenye simu. Ni nadra kusikia mtu akiuliza mpira wa gesi ulikuwa na umri gani, jiko lilikuwa limewekwa wapi, dirisha lilikuwa linafunguka au limepigiliwa misumari, na aliyeuza ule mtungi alimwelekeza nini mnunuzi. Kwangu mimi hayo ndiyo maswali ya kwanza. Jiko lililopangwa vibaya linamngoja mpishi akosee mara moja tu, na hakuna binadamu anayepika asubuhi, mchana na jioni mwaka mzima bila kukosea hata siku moja.

Naliandika jambo hili sasa kwa sababu jiko la Mtanzania linabadilika haraka. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mwezi huo huo alikuwa Paris, mwenyekiti mwenza wa mkutano wa kimataifa kuhusu nishati hiyo barani Afrika. Mitungi imegawiwa kwenye mikutano ya hadhara, kwa mama lishe, kwa vikundi vya wajasiriamali, mpaka vijijini ambako miaka michache iliyopita gesi ilikuwa ya wafanyakazi wa serikali na walimu tu. Naunga mkono kwa moyo wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani viliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na yeyote aliyewahi kumsikia bibi yake akikohoa juu ya kuni mbichi anajua takwimu hiyo inazungumzia watu gani. Ila mtungi unaotolewa bila maelekezo ni msaada uliofika nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoamua kama watu watalala salama.

Tazama unavyoingia nyumbani. Kijana wa bodaboda anaegesha pikipiki mlangoni, anafungua mpira aliofungia mtungi kwenye kiti, anauingiza ndani begani. Anautua chini, anang'oa kifuniko, anapachika reguleta, anafungua koki. Halafu anatoa kiberiti mfukoni, anawasha njiti na kuipitisha polepole kuzunguka shingo ya mtungi, jicho likiangalia kama moto utashika popote. Haushiki. "Tayari mama, haivuji." "Ahsante mwanangu." Anapokea hela yake anaondoka. Mtoto wa miaka minne alikuwa amesimama pale pembeni, na alichojifunza siku hiyo ni kwamba gesi hupimwa kwa kiberiti.

Simlaumu kijana. Naye hakufundishwa, alipewa mtungi na namba ya simu ya mteja, basi. Lakini angekuwa na kipande cha sabuni ya kufulia na maji kwenye kikombe angeipima gesi ile vizuri zaidi, bila hatari yoyote. Unakoroga povu zito, unafunga vitasa vyote vya jiko, unafungua koki ya mtungi, kisha unapaka povu kwa sifongo kwenye shingo ya mtungi, kwenye reguleta, kwenye mpira kuanzia mwanzo hadi mwisho na pale unapoingia kwenye jiko. Panapovuja, povu linavimba na kuzaa mapovu mapya mbele ya macho yako. Ukiyaona, funga koki. Mara nyingi tatizo ni kile kiraba kidogo cha duara kilichomo kwenye mdomo wa mtungi, mafundi wanakiita oringi, ambacho kimekauka, kimepasuka au hakipo kabisa. Mtungi usio na oringi nzuri hauna sababu ya kubaki ndani kwako. Urudishe siku hiyo hiyo, na muuzaji asikwambie uvumilie.

Inafaa tujue tunaishi na nini. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Ndani ya mtungi ni kimiminika kwa sababu imegandamizwa. Ikitoka, lita moja tu ya kimiminika hicho huwa takriban lita 250 za gesi. Na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa: propani huizidi mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Kwa hiyo haipandi darini ikatokee kwenye matundu ya juu. Inatiririka sakafuni kama maji yaliyomwagika, inaingia uvunguni mwa kitanda, inajaa kwenye kona, inashuka kwenye shimo la maji machafu. Ikifika kiasi cha asilimia 2 ya hewa iliyopo hapo, cheche moja inatosha. Yenyewe haina harufu. Ile harufu ya kitu kilichooza unayoisikia imeongezwa makusudi, ili pua zetu ziwe kengele. Ni kengele nzuri kwa mtu aliye macho. Kwa aliyelala fofofo, au mwenye mafua makali, haiaminiki.

Sasa ipeleke elimu hiyo kwenye chumba kimoja cha kupanga, Manzese au Mbagala, au Kawangware kule Nairobi. Jiko liko sakafuni, hatua mbili kutoka godoro la watoto. Mtungi uko nyuma ya pazia kwa sababu mwenye chumba anapenda pawe nadhifu. Dirisha limefungwa kwa ajili ya mbu na wezi. Yale matundu ya hewa juu ya dirisha, ambayo mwenye nyumba anajivunia, hayaisaidii gesi inayokaa chini. Na ile nafasi chini ya mlango, ambayo peke yake ingeweza kuitoa nje, imezibwa kwa kitambaa ili panya na vumbi visiingie. Mama mwenye chumba hiki hajakosea kitu. Kila alichofanya kina sababu ya maana, na vyote kwa pamoja vimemtengenezea mtego.

Ndiyo maana nasema wenye nyumba wameachwa nje ya mjadala huu isivyo haki. Siku hizi wengi wanakataza mkaa ndani kwa kuwa unachafua rangi ya ukuta. Sawa, lakini ukimwambia mpangaji atumie gesi, mpe mahali pa kuitumia. Meza ya matofali na saruji ya kufika kiunoni, mbali na pazia, haimalizi mfuko wa saruji. Tundu la hewa karibu na sakafu, lenye wavu wa kuzuia panya, ni kazi ya saa moja ya fundi mwashi. Kibaraza cha nyuma chenye kabati la chuma lenye matundu, mtungi ukae nje na mpira upite ukutani, ni bora zaidi. Anayepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo anaweza kuyafanya haya.

Harufu ikishasikika, mambo ya kutofanya ni mengi kuliko ya kufanya. Usiwashe taa, na usizime iliyowaka, kwa kuwa swichi hutoa cheche inapowashwa na inapozimwa. Acha feni na friji vilivyo. Simu itatumika ukiwa nje. Funga koki ya mtungi kama unaifikia, fungua mlango na madirisha, toa watoto na wazee, waambie majirani wasiwashe moto, kisha piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ikiwa moto umeshashika kwenye shingo ya mtungi, na mkono wako unaifikia koki bila kupita kwenye moto, ifunge kwa kitambaa kilicholowa maji. Kama haufiki, ondoka. Hakuna kabati wala runinga inayostahili uhai wa mtu, na nimechoka kusikia habari za watu waliotoka salama wakafia ndani waliporudi kuchukua kitu.

Kuna aina moja ya jiko inayonitia hofu zaidi ya nyingine zote, nayo ndiyo iliyosambaa zaidi: mtungi mdogo wa kilo 6 wenye kichomeo kinachofungwa moja kwa moja juu yake. Kwa chai na mayai ni jiko zuri. Tatizo linaanza pale familia ya watu wanane inapoligeuza kuwa jiko la kila kitu. Angalia mtu anavyosonga ugali. Anashika sufuria kwa kitambaa mkono mmoja, anakandamiza mwiko kwa nguvu za bega mkono wa pili, na unga ukianza kukaza sufuria inavutwa huku na huku. Chini ya nguvu yote hiyo pana mtungi wenye kitako chembamba na sakafu isiyonyooka. Ndoo ya maji ya kuoga ikiwekwa juu yake, uzito wote uko kileleni. Sufuria pana ina kosa jingine: hufunika moto na kurudisha joto chini, kwenye mtungi wenyewe. Kwa ugali na maharage ya familia, jiko la mezani lenye mpira na reguleta, mtungi ukiwa umesimama pembeni umbali wa kama mita moja, ni salama zaidi. Wanaogawa mitungi kwenye mikutano wangefikiria kutoa majiko ya namna hiyo hata kama watapata wachache.

Mpira nao una siku zake. Ule halisi wa gesi huwa umeandikwa tarehe. Ule wa kumwagilia bustani hauna kazi jikoni hata ukiingia vizuri kiasi gani. Ukunje kwa vidole: ukiona mistari ya nyufa, umekufa. Panya huutafuna, joto la oveni huukausha, na fundi wa haraka huufunga kwa waya wakati kibano cha chuma ni bei ya soda. Na gesi ikikaribia kwisha, tuache kuulaza mtungi, kuutikisa au kuutumbukiza kwenye beseni la maji ya moto ili tupate dakika kumi za mwisho. Ukilazwa, kimiminika chenyewe kinaweza kupita kwenye reguleta iliyotengenezwa kwa ajili ya gesi, na moto utaruka juu ghafla mbele ya uso wako.

Wapo watakaosema bei ndiyo inayowasukuma watu kwenye njia za mkato, na ni kweli. Gesi inayojazwa kwa magendo ni rahisi kidogo. Lakini tuliona Nairobi usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mtaa wa Mradi, Embakasi, lori la gesi lilipolipuka na moto ukala nyumba na maghala. Watu walikufa, na karibu 300 walijeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, ilisema maombi ya kuweka kituo cha gesi mahali pale yalikuwa yamekataliwa kwa sababu watu wanaishi karibu. Kila anayenunua mtungi usio na lakiri, uliojazwa uani kwa mtu, anasaidia kituo cha namna hiyo kiendelee kuwapo mtaani kwake. Kwetu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, imekuwa ikiwataka wauzaji wawe na mizani dukani. Mwambie muuzaji apime mbele yako. Ni haki yako, na muuzaji anayejua kwamba wateja wanapima atakuwa makini na mengine pia.

Pamoja na yote hayo, ninaogopa mtu atakayeisoma makala hii aseme basi heri nirudi kwenye mkaa wangu. Tafadhali, usirudi. Mkaa unaua kimyakimya, ndiyo maana hatuuogopi. Kila msimu wa baridi, Njombe, Makete, Mbeya na nyanda zote za juu, kuna familia zinazoingiza jiko la mkaa chumbani jioni ili kupata joto, zinafunga mlango, na asubuhi majirani wanavunja. Wengine hubandika maharage usiku ili yaive taratibu wakiwa wamelala. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanaonekana safi, lakini yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania chembe nyekundu za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, anadhani ni uchovu, analala. Watu wengi ndani ya nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja na jiko linawaka, tokeni nje kwanza, mtafute sababu baadaye. Na jiko la gesi nalo hutoa hewa hiyo likiwaka vibaya. Moto wake unatakiwa kuwa wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria inashika masizi, kichomeo kinahitaji kusafishwa na chumba kinahitaji hewa.

Nije kwenye mafuta, maana hapa ndipo ujasiri unapoua. Unakaanga samaki au mandazi, mtu anagonga hodi, unatoka kidogo. Mafuta ya kupikia yaliyosafishwa huanza kutoa moshi yakipita nyuzi joto 200 hivi. Yakiachwa mpaka karibu 350 hushika moto yenyewe, bila kiberiti. Moshi ule ndio onyo, na muda kati yake na moto ni mfupi. Ukikuta karai linawaka, mkono wako utataka kufanya kitu kimoja kati ya viwili: kumwaga maji, au kulibeba karai kulitoa nje. Vyote viwili ni balaa. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini ya karai la moto na kugeuka mvuke papo hapo, na maji yakiwa mvuke hutanuka takriban mara 1,700. Mvuke huo unayarusha mafuta yanayowaka juu darini, usoni, kwenye kanga. Aliyebeba karai naye atapiga hatua tatu, upepo wa mlangoni utampigia moto kifuani, ataliachia miguuni pake.

Funga gesi. Chukua mfuniko mkubwa au sinia la chuma, lisogeze kwa kutokea upande wako kama unayejikinga nalo, lifunike karai, na uliache hapo. Usifunue kuchungulia. Mafuta yaliyozimika yakiwa bado na joto lile lile yakipata hewa huwaka tena. Subiri mpaka yapoe kabisa. Ni jambo rahisi, lakini linategemea mfuniko kuwa karibu kabla moto haujaanza. Anayekaanga aweke sinia pembeni kila anapobandika karai, na wanaouza chipsi vibandani, ambao mafuta yao huchemka kutwa nzima kando ya barabara yenye watoto wa shule, wanapaswa kulazimishwa kuwa na blanketi la moto na mtungi wa kuzimia moto unaofaa kwa mafuta. Halmashauri zinakusanya ushuru wao kila siku, zinajua walipo.

Oveni zimeongezeka, hasa kwa sababu ya kinamama na vijana wanaooka keki nyumbani kwa biashara. Nimewatazama wengi wakiwasha oveni ya gesi namna moja: anainama, anafungulia gesi, ndipo anaanza kutafuta kiberiti. Kinaletwa kutoka sebuleni, njiti ya kwanza inazimika, ya pili inashika, na gesi yote iliyokwishajaa ndani inawaka kwa kishindo. Nyusi na nywele za mbele zinaondoka, siku nyingine ngozi ya uso. Fungua mlango wa oveni kwanza, uwe na moto tayari mkononi, ndipo ufungulie gesi. Ikikataa kuwaka ndani ya sekunde chache, funga, acha mlango wazi dakika tano, ndipo ujaribu tena. Oveni nyingi za sasa zina kidude kinachokata gesi moto ukizimika, ndiyo maana unatakiwa kushikilia kitasa kwa sekunde kadhaa mpaka kipate joto. Kikiharibika, kibadilishwe, usikubali fundi akwambie anakitoa ili oveni iwake kirahisi. Usitandike karatasi ya alumini kwenye sakafu ya oveni ya gesi kwa kukwepa kusafisha, kwa sababu inaziba matundu ya hewa na kuharibu uwakaji. Na unapotoa trei, kitambaa kiwe kikavu. Kilicholowa hupitisha joto mara moja mpaka kwenye vidole, na mwokaji huachia keki na trei vyote.

Kwa wanaotumia umeme nitasema machache. Oveni ya wati 2,300 kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta ampea 10, saa nzima. Ekstensheni nyembamba ya bei rahisi, yenye friji na birika juu yake, itayeyuka. Oveni kubwa inataka waya wake na swichi yake kutoka kwenye bodi, zikiwekwa na fundi mwenye leseni. Sahani ya jiko la umeme hubaki na joto muda mrefu baada ya kuzimwa bila kuonyesha rangi yoyote, na mkono wa mtoto hauwezi kujua.

Watoto huungua zaidi kwa vimiminika vya moto kuliko kwa moto wenyewe. Uji, chai, mchuzi, ndoo ya maji ya kuoga iliyotuliwa chini dakika moja wakati mama anafuata maji baridi. Mshikio wa sufuria ukitokeza nje ya meza, mtoto anayejifunza kusimama ataushika. Geuza mishikio ukutani, tia maji baridi kwenye beseni kabla ya yale ya moto, na kama unapikia chini, zungushia chochote, hata mabenchi. Kanga iliyofungwa vizuri kifuani ni salama kuliko dera la nailoni lenye mikono inayopepea, maana nailoni huyeyuka na kunata kwenye ngozi.

Kuna kundi ambalo halizungumzwi kabisa. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa wengi wenye makovu mabaya ya moto. Walikuwa wameangukia motoni wakati wa degedege, na wengine waliachwa hapo kwa sababu ndugu waliamini kumgusa mgonjwa kunaambukiza. Hakuambukizi. Mwenye kifafa asipike peke yake kwenye moto wa chini, na akianguka, mvute haraka bila woga. Jiko lililoinuliwa, lenye ukingo, lingeokoa mikono na nyuso nyingi, na dawa zinazotuliza kifafa zipo.

Mtu akiungua, kitu cha kwanza ni maji ya kawaida, si ya barafu, yakitiririka juu ya kidonda kwa dakika 20. Bomba likiwa kavu, chota kwa kata kutoka kwenye ndoo, mimina taratibu, rudia, mwingine akihesabu muda. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Nguo iliyonata usiibandue. Funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, nenda kituo cha afya. Dawa ya meno, ute wa yai, unga, majivu na mafuta ya kupikia viache mahali pake. Vinaziba joto ndani, vinaleta maambukizi, na muuguzi atalazimika kuvikwangua kwenye nyama iliyo wazi huku mtoto akilia. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, majeraha ya moto yanaua watu wapatao 180,000 kila mwaka, wengi mno katika nchi za kipato kama chetu. Maji ya dakika 20 hayana gharama, na bado nyumba nyingi hazijawahi kuambiwa.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo na kinawezekana. Mtungi usikabidhiwe, wa kununua au wa msaada, bila aliyeuleta kuupima kwa sabuni mbele ya mwenyewe na kumwonyesha jinsi ya kufunga koki. Kampuni za gesi ziwalipe mawakala kwa dakika hizo kumi na zibandike maelekezo ya Kiswahili kwenye mtungi wenyewe, kwa herufi ambazo bibi anaweza kuzisoma. Kwenye mikutano ya kugawa mitungi, hotuba zipunguzwe ili askari wa zimamoto apate nafasi ya kuzima karai linalowaka mbele ya watu, kwa sinia tu. Shuleni, namba 114 ifundishwe pamoja na jedwali la kuzidisha.

Na kwenu kinababa, ambao mara nyingi ndio mnaotoa hela ya gesi na kuishia hapo: jikoni ni pa nyumba nzima. Leo jioni kabla ya chakula, zima jiko, funga koki, ukunje ule mpira kwa mikono yako miwili uuangalie vizuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiona ufa hata mmoja, usiwashe tena mpaka umenunua mwingine.